Doa Mgongoni mwa Tauno

Saimi aliliona doa Jumamosi, ndani ya mvuke wa sauna, chumba chao cha kuogea kwa joto, alipokuwa akimchapa mumewe mgongoni kwa fungu la matawi mabichi ili damu itembee, kama afanyavyo kila juma. Jeusi tititi, dogo kama punje ya pilipili manga. Akaacha kuchapa. Dada yake, Elvi, aliuawa na saratani iliyoanza na doa la namna hiyo.

"Mbona umeacha? Umechoka, bibi?" Tauno aliuliza.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari."

"Kwa kidoa hiki? Sema tu umeshapata mume mwingine."

Mficha maradhi kilio humuumbua, na Tauno alikuwa bingwa wa kuficha kwa mzaha. Saimi hakucheka. Alimkokota hadi kliniki.

Daktari Vuokko Hyrkäs aliweka lenzi yenye taa juu ya doa, akainama. Alichunguza muda mrefu mno, hadi Saimi akamchukia.

"Zamani palikuwa na nini hapa?"

"Kipele chekundu," Saimi alijibu. "Vile vya mishipa ya damu, vya uzeeni. Anavyo tele."

"Kiligongwa?"

Mume na mke wakatazamana.

"Huyu hunicharaza kila Jumamosi," Tauno akasema. "Andika hapo, daktari, ushahidi ndio huo mgongoni."

Daktari nusura acheke. "Hata mimi wangu namchapa. Inaelekea damu imeganda ndani ya kipele, ndiyo maana kimegeuka cheusi. Ukingoni naona wekundu, na ukahawia wa saratani siuoni. Lakini weusi ukifunika hivi, lenzi huweza kunidanganya. Nakikata, kikapimwe."

Hilo "inaelekea" lilimchoma Saimi kama mwiba. Siku zote za kungoja majibu Tauno alikuwa akipiga miluzi tu uani, hadi Saimi akatamani kumrushia sufuria.

Simu ya kliniki ilipolia, aliipokea Saimi. Ilikuwa damu iliyoganda, basi. Saratani hakuna.

Aligeuka ampe mumewe habari njema, akamkuta ameketi sakafuni, amesikia yote, machozi yanamtiririka ndevuni.

"Si wewe uliyekuwa ukipiga miluzi?"

Tauno alijifuta kwa mkono wa shati. "Nilishamwomba kaka yangu Reino," alisema, "awe anakuja kukupasulia kuni za majira ya baridi, mimi nisipokuwapo."