Zamu ya Jumapili

Usiku wa kuamkia leo, Jumatatu, niliota chakula cha seli kimegeuka njano.

Ni seli shina za kiinitete cha binadamu. Nazikuza kwenye sahani za maabara; nyingine zote ziliingia ukungu mwezi uliopita. Imebaki hii moja, na utafiti wangu wote umo humo. Chakula chake ni cha rangi ya waridi na hubadilishwa kila siku, Jumapili pia. Kikiwa njano kimechacha.

Nafungua kabati la joto zinamokaa seli. Ndani ni ukumbi wa harusi. Seli zimekaa kwenye viti vya plastiki, zimevaa sare ya kitenge.

"Funga mlango, hewa inatoka," inasema moja.

Nafunga. Nauliza zamu ya jana ilikuwa ya nani, ingawa najua.

"Ya yule anayecheza pale."

Ni Kihedu, mwenzangu wa maabara. Jasho linamtoka.

"Kihedu, umewalisha?"

"Ijumaa niliwajazia ya siku tatu, dada. Hawa si watoto wadogo."

"Chakula hakiwi kipya kwa kuwa kingi."

"Dada nawe! Harusi ya binamu yangu hairudiwi."

"Sahani hii nayo hairudiwi."

Anaendelea kucheza.

Kanuni ya maabara inasema seli shina ibaki shina, isiwe kitu chochote bado. Zenye njaa zimeanza kuwa vitu. Moja imekuwa jino. Nyingine imekuwa unywele na inajichana. Ya ukingoni inadunda kama moyo na haitaki kunitazama.

Iliyogeuka huondolewa. Nashika pipeti, mrija wa kunyonyea, nainama kulikwangua jino.

"Mbona unaanza na sisi?" linauliza.

Swali ni sahihi. Naweka pipeti chini, namshika Kihedu ukosi. Ukumbi umekwisha, tumesimama maabara, mbele ya kabati. Namsukumia ndani, kwenye rafu ya chini, karibu na sahani, pamoja na masinia matatu ya pilau ya harusi.

"Ya siku tatu hiyo," namwambia.

"Dada, utani gani huu?"

"Utatoka ukishawalisha."

Nafunga kwa ufunguo. Anagonga. Sifungui, kwa sababu kila ukifungua joto linapotea.

"Dada, nakufa na joto!"

"Nyuzi thelathini na saba. Ni joto la mwili wako mwenyewe."

Anagonga tena, kwa ngumi zote mbili.

Niliamka. Simu ilikuwa imewaka kando ya mto. Ujumbe ulitoka kwa Kihedu:

"Nimewalisha wote, dada. Sasa fungua."