Kila Mtu Amtetee Mwenzake

Katika ofisi ile ya chumba kimoja, juu ya duka la viatu, kulikuwa na sheria moja tu: hakuna ruhusa ya kutetea wazo lako. Unatetea la mwenzako. Aliiweka kiongozi wao, waliyemwita Babu kwa mvi alizoanza kuota tangu shuleni, alipochoka kuamua ugomvi wa Pilipili na Shangazi.

Walikuwa wakitengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa saa ya dawa. Muda uliobaki ulitosha kuongeza jambo moja tu. Shangazi, mkaguzi wa kazi zao, alitaka programu ifanye kazi hata pasipo mtandao. Pilipili, aliyeiandika kwa mikono yake, alitaka isome ukumbusho kwa sauti. Sababu hakuitaja: macho ya mama yake yalikuwa yakififia, naye hakutaka kuonewa huruma na mtu.

"Haya, Pilipili, mtetee Shangazi," alisema Babu.

Pilipili alisimama akikusudia kuzembea kidogo. Lakini ulimi wake haukujua kazi ya nusunusu.

"Mtandao hukatika," alinguruma, "maradhi hayakatiki! Mgonjwa aambiwe nini, asubiri mnara upone kwanza?"

Babu akapiga meza kwa furaha. Pilipili akaketi, moyo umemshuka. Amejipalia makaa mwenyewe.

Shangazi akainuka. "Mimi sina madoido. Jumapili nilikwenda kumjulia hali mama yake huyu. Vidonge anavijua kwa kuvipapasa: cha mviringo asubuhi, kirefu jioni. Sasa wamembadilishia. Vyote mviringo."

Babu akamgeukia Pilipili.

"Mbona hukusema, wewe?" Babu aliuliza taratibu.

"Sheria ni yako," Pilipili alijibu, macho dirishani.

"Haya, mikono juu. Sauti?"

Mkono wa Shangazi ulitangulia, wa Babu ukafuata.

"Pasipo mtandao?"

Pilipili, peke yake.

"We! Umejipinga mwenyewe?" Babu alishangaa.

"Nimejisikia nikisema, nikaamini."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi sauti nitarekodi mimi."

"Kwa nini wewe? Si mama yangu?"

"Ndiyo maana. Wewe utamtungia utenzi, mwanangu, na saa ya dawa itapita."