Madai ya Kaingu

Kaingu alichaguliwa kuwa jambazi wa zoezi la walinzi kwa sababu wenzake wote walikataa. Risasi za rangi haziui, lakini zinauma, na habari hizo zilikuwa zimeshafika kwenye mageti yote ya Kilindini yaliyolindwa na kampuni yao. Kaingu alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa amelinda geti la bohari moja kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwa mtu wa kukataa mambo.

Zoezi lilifanyika Jumamosi asubuhi huko Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa ambayo kampuni iliikodi kutoka kwa Bi Ruweida, mjane wa miaka sabini. Mapatano yalikuwa ashinde kwa dadake, mtaani Kuze. Lakini Mutunga, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akiwafunza walinzi, alipopanda juu alimkuta jikoni akikuna nazi.

“Mama, si tulisema hapa pasiwe na mtu?”

“Mbaazi nimeshazibandika. Wataka niziepue zingali mbichi?”

Mutunga akafikiri. Mateka waliyepanga kumtumia alikuwa gunia la mchanga lililofungwa leso. Akamuuliza Bi Ruweida kama angekubali kuwa mateka yeye.

“Mateka hufanya nini?”

“Hukaa tu, mama, mpaka aokolewe.”

“Hilo naliweza.”

Akavishwa miwani ya kinga na kofia ngumu juu ya mtandio wake. Mutunga akawaeleza masharti yeye na Kaingu: atakayepakwa rangi amekufa, na alale papo hapo mpaka firimbi ya mwisho. Risasi ikimgusa mateka, kikosi kizima kimeshindwa. Kikosi kisishindwe leo, tafadhali, kwa sababu meneja wao, Bwana Shukri, alikuwa ameketi barazani ng’ambo ya kichochoro pamoja na Bi Swafia, mgeni aliyekuja kuona kama walinzi hawa wanafaa kuajiriwa na kampuni yake.

Saa tatu kamili walinzi wanane waliusukuma mlango kwa kishindo, wakaingia wakipiga kelele, “Lala chini! Lala chini!”

Bi Ruweida akatokea juu ya ngazi.

“Mwenda wapi na viatu hivyo juu ya mazulia yangu?”

Kikosi kikasimama. Wote walikuwa watu waliolelewa na mama zao. Wakainama pale ukumbini kufungua kamba za mabuti, bastola kwapani, na Kaingu, ambaye hakuwa amepanga lolote, akachungulia kutoka juu akawapiga mmoja mmoja kwa bastola yake ya rangi. Saba wakapakwa rangi ya buluu migongoni. Wa nane, Mbeyu, msichana aliyeajiriwa mwezi ule, alikuwa bado hajapata mabuti ya kumtosha. Alikuja na ndara, kwa hiyo ndiye pekee aliyeweza kutoka mbio.

Wale saba wakalala chini walivyofunzwa. Bi Ruweida akashuka na sinia la mbaazi na mahamri.

“Maiti hawali, mama,” alisema Mutunga.

“Hawa wako wana njaa.”

Kikosi kikiwa kimekwisha, yalibaki mazungumzo. Shukri akasimama kichochoroni na kipaza sauti.

“Wewe uliye juu! Unataka nini?”

Kaingu akageuza karatasi ya maagizo aliyopewa na Mutunga. Upande wa pili haukuwa na kitu. Hakuna aliyemwambia jambazi anataka nini. Akakumbuka sinema.

“Helikopta!”

“Utapewa!” alijibu Shukri bila kusita.

“Na pasipoti!”

“Utapewa!”

“Na kisiwa!”

“Utapewa!”

Kaingu akamgeukia Bi Ruweida. “Anakubali kila kitu.”

“Kwa sababu hana hata kimoja. Muombe kitu anachoweza kukunyima.”

Kaingu akaikunja karatasi. Mtu alikuwa amemuuliza anataka nini, na alikuwa huko chini anangoja jibu.

“Nataka kiti!”

“Kiti gani?”

“Cha geti namba mbili! Chenye mgongo! Nakalia kreti ya soda mwaka wa kumi na moja huu, kiuno hakinyooki!”

Kipaza sauti kikakoroma.

“Kaingu, hilo ni jambo la ofisi. Andika barua.”

“Nimeandika tatu!”

“Basi omba helikopta ya pili!”

Majirani waliokuwa madirishani wakaangua kicheko. Ukumbini, maiti mmoja akainua kichwa. “Hata geti namba tano hakuna kiti.”

“Maiti, kimya!” alifoka Mutunga.

Bi Ruweida akatoa kichwa dirishani, kofia ikiyumba. “Ewe bwana! Mateka ni mimi. Huyu akikosa kiti ataniua. Waniacha nife kwa ajili ya kiti?”

“Siwezi kukuua, bibi,” alinong’ona Kaingu.

“Nyamaza, nakusaidia.”

Kule barazani Bi Swafia alimuuliza Shukri kwa upole, “Kwa kawaida huwachukua muda gani kuamua?”

Shukri akamtuma mtu kwa fundi seremala wa pembeni aazime kiti. Kilipofika, Mutunga akatoka nje, akafunga bastola chini ya kiti hicho kwa utepe, kisha akamwita Mbeyu na kumnong’oneza la kufanya.

Mbeyu akapiga hodi, akavua ndara, akakipandisha. Kilikuwa kiti cha mvule chenye mgongo wa ukili. Kaingu akaketi taratibu, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mgongo wake ulipokutana na mgongo wa kiti, akafumba macho.

Mbeyu akainama kama anayenyoosha zulia, akaipapasa bastola na kuitoa. Kaingu akafumbua jicho moja, akaona, akaelewa. Bastola yake mwenyewe ilikuwa pajani, na hakuigusa.

“Baba, samahani.”

“Piga, mwanangu. Lakini usinipige kiuno.”

Risasi ilimpata mguuni, ikamchoma kama nyigu. Kaingu akapiga ukelele mmoja, kisha akafa vizuri, kichwa kimeegemea nyuma.

“Umemuua hali ameketi!” alipaza sauti Bi Ruweida. “Hata mbaazi hajala!”

Firimbi ikalia. Shukri akapanda ngazi pekupeku akiwa na mgeni wake, uso umemjaa furaha. Mateka mzima, jambazi maiti. Akaamuru kiti kirudishwe kwa fundi.

“Kaingu, inuka.”

“Nimekufa.”

“Firimbi imeshalia.”

“Nimeisikia.”

Hakusogea. Macho yalikuwa yamefumba, lakini mikono ilikuwa imeshika kiti kwa nguvu. Mbeyu, aliyekuwa bado ana bastola mkononi, akasogea akasimama kando yake.

“Kiti si chake?” aliuliza Bi Swafia. “Ulimpelekea ili aridhike, nami nikaona. Au ahadi zenu huisha firimbi ikilia?”

Shukri akamtazama mgeni, akamtazama maiti.

“Chake,” alisema. “Chake kabisa. Nitaongea na fundi.”

Hapo Kaingu akafufuka, akala mbaazi zake papo hapo alipokuwa ameketi.

Kampuni ya Bi Swafia iliwaajiri. Mwezi uliofuata Mutunga alipobandika tangazo la kutafuta jambazi wa zoezi la pili, walijiandikisha watu thelathini na mmoja. Kila mmoja aliandika madai yake kando ya jina: mmoja alitaka koti la mvua, wawili walitaka tochi, na geti namba tano lilitaka choo chenye mlango. Shukri alipoisoma orodha hiyo akaagiza kwamba safari hii jambazi awe bubu.

Mutunga alikwenda mwenyewe kumpelekea Bi Ruweida habari hizo na kumuomba awe mateka tena. Alimkuta akichagua mchele.

“Awe bubu, si neno,” alisema Bi Ruweida. “Na mateka? Mateka ana ruhusa ya kusema?”

Mutunga akapekua karatasi zake zote, mbele na nyuma. Hakukuwa na mahali palipomkataza.

“Basi niletee hiyo orodha,” alisema Bi Ruweida, akajipangusa mikono.