Wake Wenza wa Mzee Ombui

Cleophas, mshauri nasaha wa watoto, alipofika kwetu Nyaramba na sinia, mfuko wa mchanga na viatu vinavyong'aa, mama mkwe wangu Nyanchoka alimkagua kutoka juu hadi chini, kisha akamuuliza, "Kijana, hii kazi ya kucheza na watoto iko na pensheni?"

"Iko, mama," Cleophas akajibu. "Lakini lazima nichafuke kwanza."

Nikampenda hapo hapo. Mtu anayeweza kumjibu Nyanchoka bila kigugumizi ni adimu, na mimi nimeolewa hapa muda wa kutosha kujua.

Tulimhitaji. Baba mkwe wangu, Mzee Ombui, alipigwa na radi katika shamba la majani chai mvua ya alasiri ilipomkuta huko na mjukuu wake, binti yangu Nyaboke wa gredi ya pili. Mzee alifariki. Mtoto hakupata hata mkwaruzo, lakini tangu mazishi, wingu likitanda tu, anaingia chini ya meza, na shule hataki kuisikia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakumsemesha tena nyanya yake, naye ndiye aliyekuwa mpinzani wake mkuu.

Kwetu Wagusii nyanya na mjukuu hutaniana, na hawa wawili walipitiliza. Nyanchoka alimwita Nyaboke mke mwenza. Kila asubuhi walimgombania mzee: nani atampelekea chai, nani amekula yai lake. "Mke mdogo, wewe unajua kupika nini zaidi ya domo?" Naye mtoto, aliyemwita babu yake sokoro: "Wewe umezeeka, sokoro ataniachia mimi nyumba." Babu mtu akicheka mpaka chai inamwagika.

Baada ya mazishi mzaha ulikoma. Nyanchoka akawa anamwita "mtoto wangu" kwa sauti ya wodini, anampa paja la kuku, anampangusa mdomo. Sisi wengine tukaiga. Nyumba ikajaa upole kushinda kanisa, na mtoto akazidi kunyauka.

Cleophas alianza na ile hofu ya radi. Alimfundisha Nyaboke kupumua polepole kama anayepoza uji, na kukanyaga sakafu kwa nguvu ili ajue miguu yake iko mahali salama.

"Ati umesoma mpaka chuo kikuu ndio upulize uji ambayo haiko," Nyanchoka akasema. Hata hivyo nilimwona naye akipuliza, midomo mbele. Wiki zikapita, mtoto akaachana na meza. Lakini kuzungumza na nyanya, wapi.

Ndipo siku moja Cleophas akamwaga mchanga kwenye sinia, akamwomba Nyaboke atengeneze boma letu kwa chochote cha jikoni. Mtoto akaweka kiazi kikubwa katikati, akasema ni nyanya. Mimi nilikuwa kitunguu, na sikupewa sababu. Halafu akachukua punje ya mahindi, akaiweka ukingoni kabisa, nje ya ua. Akasema huyo ni yeye.

"Huyu wa nje anafanya nini?" Cleophas akauliza.

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Magokoro aache kukasirika."

Nyanchoka akafungua mdomo. Cleophas akainua mkono kidogo, na mama mkwe wangu, sijui kwa muujiza gani, akatii.

"Umejuaje nyanya amekasirika?"

"Haniiti mke mwenza siku hizi. Ni juu nilimtuma sokoro arudi achukue kikapu yangu. Ndio akapigwa."

Hakuna aliyekuwa anajua habari ya kikapu. Nilitaka kumkumbatia nimwambie si kosa lake, lakini Cleophas alikuwa akimtazama Nyanchoka.

"Mama, mjibu vile mlikuwa mnaongea."

"Nitamjibu aje? Mume wa kugombania hayuko."

"Mwambie hivyo hivyo."

Nyanchoka akashuka kwenye kiti, akaketi sakafuni karibu na sinia.

"Sikiza, mke mdogo. Huyo mzee mimi nikimtuma maji, anasema miguu inauma. Wewe ukimtuma, anakimbia. Alirudi kwa sababu alipenda kurudi. Radi haijui kikapu ya mtu. Na sijakukasirikia. Nikisema mke mwenza namuona yeye, ndio nikanyamaza. Tumeachwa wajane wawili, na wewe unaniacha nilie peke yangu. Mke mwenza gani huyo?"

Nyaboke akamchungulia usoni, kama anayepima iwapo ruhusa ya kutaniana imerudi.

"Alinipenda mimi zaidi," akasema.

"Najua," Nyanchoka akajibu. "Na iliniuma sana."

Kisha mama huyo, ambaye hakutoa chozi mbele ya watu hata kaburini, akamvuta mtoto kifuani, na wote wawili wakamlilia mume wao.