Mlango Usiguswe

Kinyozi alikuwa mtu wa kujitengenezea. Bomba likivuja ni yeye, cherehani ya mkewe ikigoma ni yeye, na kitu kikimshinda alikikasirikia kana kwamba kimemtusi. Kwa hiyo mlango wa mbele wa gari lake, upande wa abiria, ulipolegea na kuanza kukwaruza chini kila ukifungwa, hakutaka kusikia habari za gereji. Alitandika gunia uani, akashusha sanduku la spana, akatangaza kwamba leo hanyolewi mtu.

Watazamaji hawakukosekana. Mkewe alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Bonge, kaka mdogo wa mkewe, alikuwa kasimama mlangoni akila ndizi, na jina lake halihitaji maelezo. Mama yao, yaani mama mkwe wa Kinyozi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta. Mama huyu alikuja mwezi uliopita kuwatembelea, na Jumamosi alikuwa arudishwe kwake, kwenye nyumba yake anakoishi peke yake tangu afiwe na mumewe. Hamu ya kurudi ilimjaa mpaka usoni. Asiyetaka ni binti yake. Alikuwa amekubali kwa shingo upande, baada ya mabishano ya kutosha, na kwa sharti kwamba mama aonekane bado ana nguvu zake. Mpaka siku hiyo alionekana anazo.

Kinyozi aliufungua mlango, akaushika kwa chini na kuutikisa. Ukapanda na kushuka.

"Bawaba hizi," alisema. "Lakini bawaba hazilegei zenyewe. Kuna mtu humu ndani kaufanya mlango wangu bembea."

Macho yote yakamwendea Bonge.

"Mimi tena?"

"Mwili wako una kesi ya kujibu," dada yake akamwambia.

Wakacheka. Mama mkwe naye alicheka, akaurekebisha mtandio wake ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Kazi yenyewe Kinyozi aliifanya vizuri, hilo tusimnyime. Aliweka jeki chini ya mlango, na juu ya jeki kipande cha mbao na kitambaa ili rangi isichubuke. Akalegeza nati za bawaba kidogo tu, akapandisha jeki taratibu huku jicho moja limefumbwa, mpaka ule mwanya kati ya mlango na bodi ukawa sawa juu na chini. Akakaza. Kile chuma cha kwenye nguzo kinachodakwa na kitasa, alikichorea alama ya penseli kwanza ndipo akakisogeza. Mwisho alibana kipande cha gazeti kwenye mlango, akaufunga, akakivuta. Hakikutoka. Mlango ulifunga kwa mlio mdogo wa adabu.

Angeishia hapo, siku ingeisha salama. Lakini mtu aliyefanikiwa mbele ya wakwe hatosheki na mafanikio.

"Sasa tumkamate mharibifu," alisema, akijifuta grisi. "Kila mtu ataingia, atakaa, atashuka mbele yangu. Mlango usiguswe. Atakayeugusa ndiye."

"Una kazi kweli wewe," mkewe akasema, lakini akaenda. Aliingia na ungo wake, akashuka nao, hata punje haikumwagika.

Akafuata Bonge, na hapo ndipo Kinyozi alipokunja mikono na kusubiri ushindi. Bonge alijipenyeza ndani, gari likainama, akatulia kidogo kwa madaha. Kisha akatoa miguu, akasimama mzimamzima kama aliyesukumwa na upepo, mikono yote miwili ikiwa hewani.

"Shemeji," alisema, "tafuta mwingine."

Kinyozi akawahesabu waliobaki. Nyumba nzima ilikuwa imekwisha kupimwa, isipokuwa mtu mmoja, na huyo hakuwahi kumfikiria. Alipaswa kusema basi, tumemaliza, nani ana njaa. Hakusema, kwa kuwa alikuwa bado anaikasirikia hali, na Bonge ana mdomo usio na breki.

"Amebaki Mama," alisema Bonge.

"Haya, nami nipimwe," akasema mama mkwe. Angekataa, wangeuliza kwa nini. Aliinuka kwa kuegemea ukuta, akaja.

Kuingia hakukuwa na shida, aligeuza mgongo akajiachia kitini. Kutoka ndiko. Alitoa mguu mmoja, akautoa wa pili, akaweka viganja magotini. Akainuka kidogo, akarudi chini.

"Kiti chenu kitamu," alisema, nao wakacheka.

Akajaribu tena. Safari hii mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe kuelekea ukingo wa mlango, ukiwa unajua kabisa unakokwenda. Ulipofika katikati, akakumbuka. Akaurudisha mapajani. Kinyozi aliuona ule mkono, na masikio yake yakawaka moto. Mara ya tatu hakucheka mtu.

"Shika mlango, Mama," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Si umesema usiguswe, baba?"

Hakuwa anamsuta. Laiti angemsuta.

Mkewe aliuweka ungo chini. "Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Miguu yako."

Mama alitazama viatu vyake. "Siku nyingine inachelewa kuamka tu."

"Basi hurudi kule. Jumamosi mtakwenda kuchukua vitu vyako, nyumba tutaifunga."

Mama hakubishana. Alimtazama mkwewe mara moja, akainamisha uso. Bonge ndiye aliyemwinua, kwa kumkumbatia, akimwambia maneno ya kumchekesha ambayo hayakumchekesha. Kinyozi alibaki na spana mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na gari lake.

Siku zilizofuata hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimchoma zaidi. Kazini wateja walishangaa kunyolewa bila porojo. Nyumbani, mama mkwe akiingia sebuleni, yeye alikumbuka jambo la kufanya nje. Alitaka kumwomba radhi, ila kila alipoyapanga maneno aliona haya upya. Mkwe mtu mzima, umpange foleni, umkague anavyoinuka mbele ya watoto wake, halafu useme samahani? Alijiona mtu wa hovyo, na alikuwa hakosei.

Jumamosi walikwenda wawili tu, yeye na mama mkwe. Mkewe alibaki kumwandalia mama chumba. Walipofika, mama hakushuka. Alimpa funguo kupitia dirishani.

"Nguo ziko kabatini. Sufuria chukua ile kubwa, nyingine waachie majirani. Mimi nitakusubiri humu."

Kinyozi aliingia. Kitu cha kwanza alichoona ni viti, vimepangwa kando ya ukuta wa ukumbi, kila kimoja kwa umbali wa mkono kutoka kwa mwenzake, na migongo yake imeng'aa kwa kushikwa. Jikoni rafu ya juu ilikuwa tupu, vyombo vyote vimeshushwa usawa wa kiuno. Bafuni kipande cha bomba kilikuwa kimejengewa ukutani kwa saruji. Alikivuta kwa nguvu zake zote. Hakikutikisika. Chumbani, kwenye nondo za dirisha mbele ya kitanda, ilikuwa imefungwa kamba nene yenye mafundo.

Alikaa kitandani, akaishika ile kamba, akavuta. Akajikuta amesimama.

Alisimama hapo, kamba mkononi. Huku kwake mama alikuwa anaamka mwenyewe kila asubuhi, anaoga mwenyewe, anapika mwenyewe. Nyumbani kwa Kinyozi, pamoja na sanduku lake zima la spana, hakukuwa na kitu hata kimoja cha mama kushika isipokuwa mlango wa gari, na huo ndio aliomnyang'anya hadharani.

Akampigia mkewe simu.

"Mama anabaki kwake."

"Nani kasema?"

"Mimi. Njoo uione hii nyumba kabla hujanijibu. Mama anajiweza. Asiyejiweza ni nyumba yetu."

"Si wewe uliyetuonyesha kwamba hawezi?"

"Ni mimi. Nilimwaibisha mama yako kwa ajili ya mlango."

"Nakuja," mkewe akasema. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Kinyozi alitoka mikono mitupu. Akaufungua mlango wa gari, akachuchumaa pale chini, asije akasema naye akiwa amemsimamia kichwani.

"Vitu viko wapi?" mama akauliza.

"Nimeviacha mahali pake. Mama, nisamehe."

Mama alimtazama, akaitazama nyumba yake nyuma ya mkwewe, akamtazama tena.

"Ukichuchumaa hapo, baba, mimi nitashukia wapi?" alisema. "Inuka, nipe mkono."