Mshenga wa Chumba cha Upasuaji

Mimi ni nesi wa upasuaji, ushenga sikuusomea. Lakini siku ile daktari mpasuaji na mkewe, daktari wa kamera ya tumbo, walikuwa wamenuniana wiki ya pili, eti bwana kampa kaka yake makochi bila kumuuliza yeye mwenye nyumba. Bwana analala chumba cha zamu, na maneno yao yote yanapitia kwangu.

Mezani yupo bibi muuza vitambaa. Mwaka mzima anavuja damu tumboni; tunamwongezea, inatoka. Kamera ya mdomoni haikuona kitu, ya nyuma vilevile. Palibaki katikati, kwenye utumbo mwembamba, ambako kamera haifiki yenyewe. Asubuhi bibi alinishika mkono: "Mwanangu, wakianza vituko vyao, wewe uwe upande wangu."

Tumbo likafunguliwa. Mke anasukuma mrija wa kamera kupitia mdomoni, macho kwenye skrini. Mume anauvisha utumbo juu ya mrija, kama unavyotia kamba kwenye kiuno cha suruali. Nikazima taa, utumbo ukang'aa kutoka ndani kwa taa ya kamera. Sharti ni moja: kidonda kionekane wakati wa kwenda. Ukikipita, wakati wa kurudi mikwaruzo ya mrija nayo inatoa damu, na hujui ipi ni ipi.

"Dada, mwambie daktari avute taratibu," mke akasema.

"Mwambie navuta taratibu tangu nizaliwe," mume akajibu.

"Amesema sawa," nikasema.

Mara presha ya bibi ikashuka. Mtu wa usingizi akatuhimiza, mume akaongeza kasi. Kwenye skrini nikaona doa jekundu linaanza kupita.

"Dada, mwambie..."

Hapo nikachemka. "Simwambii. Mwambie mwenyewe, bibi wa watu anakufa."

"Baba watoto, simama hapo hapo."

Akasimama. "Hapa, mke wangu?"

"Hapo."

Akaweka uzi wa alama palipong'aa, nikawasha taa, akakata kipande kile, akaunga. Damu ikakoma, presha ikapanda. Nililia ndani ya barakoa, wala sioni aibu kusema.

 Mke akawa anakusanya mrija wake.

"Dada," akasema bila kumtazama mtu, "mwambie daktari makochi sijasamehe. Lakini kitanda kipo."

Sikumwambia, alishasikia. Bwana alikuwa anafunga tumbo la bibi, na mikono yake imeanza kukimbia, ikabidi nimkumbushe ashone taratibu.