Vindege vya Jasi

Kitendawili! Itikieni vizuri, msiitikie kama mmelazwa. Haya: mama kapanda juu na wanawe wawili ubavuni, wana wanarudi polepole, mama anarudi akianguka.

Si tembo, wewe. Si mnazi pia. Mmeshindwa, nipeni mji. Moshi siutaki, una wenyewe. Dar es Salaam nitaumwa na joto. Nipeni Same, na milima yote ya Upare, na vumbi lake. Asanteni. Nimekwenda Same, nikala makande, nikanywa chai ya tangawizi, nimerudi. Jibu ni roketi yenye vindege viwili ubavuni. Na kwa kuwa mmenipa mji bila ubishi, chukueni na kisa chake.

Bibi Dorkas alikuwa amekaa barazani kwake kijijini Mamba, juu milimani, akikwangua udongo kwenye tangawizi kwa kijiti. Mjukuu wake Irene alikuwa amemwaga injini za roketi kwenye ungo wa kupepetea maharage. Zilikuwa vijiti vya karatasi ngumu, vinene kama kidole gumba, baruti imeshindiliwa ndani. Irene alikuwa kidato cha tatu huko Same, na Mwalimu Koleta wa klabu ya sayansi alimpa injini hizo za likizo ili ajaribu roketi yake kabla ya mashindano. Injini ikiwaka mara moja imekwisha, kama kiberiti, kwa hiyo ilibidi achague kwa akili.

"Sikiliza, Bibi. Hii herufi ni nguvu. B ina nguvu mara mbili ya A, na C mara mbili ya B. Namba hii ni namna inavyosukuma. Hii ya mwisho ni kungoja."

"Kungoja nini tena?"

"Moto ukiisha, roketi bado inapanda kwa kasi iliyokwisha kupata. Inangoja. Halafu injini inapiga mlipuko mdogo kwa mbele, uzi uliofunga vindege unalegea, vinaachiwa. Ikingoja sana, roketi inapindua kichwa, inarudi chini na watoto wakiwa bado wameng'ang'ania."

"Na isipongoja?"

"Inawatupa wakiwa kwenye kasi. Mabawa yanakatika."

"Kumbe ni kama kumwachisha mtoto ziwa," alisema Bibi Dorkas.

Irene alicheka, akaishika injini moja mkononi, asiirudishe kwenye ungo.

"Bibi. Na baba je? Baba alingoja muda gani kule chini?"

Bibi Dorkas alikwangua ile tangawizi mpaka ganda likaisha, akaingia kwenye nyama yake.

"Chagua injini, mjukuu wangu," alisema. "Jua linapanda."

Baba yake Irene, Ebenezer, alikuwa akichimba jasi, lile jiwe jeupe la kutengenezea saruji na chaki, huko tambarare, upande wa reli. Alhamisi moja ya mwaka juzi ukuta wa shimo ulishuka. Msimamizi wa machimbo, Bwana Hamidu, alitangaza kwamba wachimbaji wote walitoka salama, na kwamba Ebenezer hakuwepo. Eti aliaga asubuhi ile ile, kaenda Mererani kutafuta tanzanite. Jumatatu yake shimo likafukiwa, mifugo isije ikatumbukia. Baadaye maneno yakazaa maneno: kaoa huko, ana gari, kanenepa. Mkewe aliyaamini yote, hasa hilo la kunenepa, akafunga virago akarudi kwao Korogwe. Bibi Dorkas hakuamini hata moja. Ebenezer hakuwahi kwenda hata Gonja bila kumuaga mama yake. Yeye alitaka jambo moja tu, mwanawe atolewe mle, aletwe nyumbani, alazwe migombani kando ya baba yake. Nafasi alikwisha kuiacha. Mgomba ukichipua pale, aliung'oa.

Roketi ilijengwa juu ya meza ya kulia. Kiwiliwili kilikuwa mrija wa karatasi ngumu ambao fundi cherehani alibaki nao vitambaa vilipoisha. Mapezi matatu yalikatwa kwenye ubao mwepesi wa Mwalimu Koleta, na mabawa ya vindege yalitoka kwenye ubao huo huo, yakasuguliwa kwa msasa mpaka mwanga ukapita. Lakini vindege vilipotupwa kwa mkono kutoka barazani viliinua pua juu kama mtoto anayekataa uji, kisha vikaanguka kwa mkia.

"Pua ni nyepesi," Irene alisema. "Zinataka uzito kidogo."

Bibi Dorkas aliingia chumbani akatoka na suruali ya kazi ya Ebenezer, ambayo ilikuwa haijafuliwa tangu hapo. Akakunjua pindo za miguu juu ya gazeti, akakung'uta. Ikatoka jasi, unga mweupe unaotosha kujaza vijiko viwili. Akaikaanga kwenye kigae hadi ilipoacha kutoa mvuke, akaikoroga kwa maji, akaijaza kwenye pua za vindege kwa ncha ya kisu. Ilipokauka ikawa ngumu kama jino. Vikatupwa tena. Vilikwenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa kuku, vikatua bila kuamsha kuku.

Wakaenda kurusha uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Habibu wa bodaboda aliwaazima betri ya pikipiki yake, ya kuwashia.

"Bibi, leo unampeleka nani mbinguni?"

"Wewe, ukininyima hiyo betri."

Mara ya kwanza Irene aliweka A yenye kungoja sana. Roketi ilipanda kivivu kwa sababu ya mzigo wa ubavuni, ikapindua kichwa, ikaja chini na wanawe wawili ubavuni, pezi moja likavunjika. Wakaligundisha. Siku ya pili aliweka B yenye msukumo mkali mwanzoni na kungoja kidogo. Hiyo ilikwenda juu ikapiga mluzi. Mlipuko mdogo ukasikika, vindege vikaachia, roketi ikaanguka migombani. Vindege vikazunguka uwanja mara moja, wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakapiga vigelegele. Kisha vikaacha kuzunguka. Vikaelekeza pua mlimani, vikapanda bila injini yoyote, vikavuka msitu, vikapotea upande wa pili.

"Vinakwenda wapi?" Habibu aliuliza, akifunga betri yake.

"Tambarare," alisema Bibi Dorkas, akaondoka kwenda kuongeza maji kwenye makande.

Irene alikuwa ameandika namba ya simu ya Bibi chini ya bawa. Jioni ikapigwa na mfugaji mmoja, Saning'o, ambaye hulisha ng'ombe wake karibu na machimbo.

"Shikamoo, mama. Ndege zenu ndogo ziko huku, kwenye shimo lililofukiwa. Nilete?"

"Marahaba, baba. Zimevunjika?"

"Hapana. Zimekaa vizuri, pua chini. Zinagonga."

"Zinagonga nini?"

"Ardhi. Taratibu tu, kama mtu anayepiga hodi kwa watu asiowazoea. Ng'ombe wangu wamezizunguka, hawataki kupita."

Alivileta kwa basi, vimefungwa ndani ya shuka, akanywa chai vikombe vitatu, akasifu tangawizi, akarudi kwa ng'ombe wake. Irene akarusha tena kutoka Gonja, walipokwenda kumwona shangazi aliyelazwa. Akarusha kutoka Msangeni, mbali kule Mwanga, upepo ukivuma kinyume. Alibadilisha injini, akabadilisha namba ya kungoja, akahesabu na kuchora. Kila mara Saning'o alipiga simu kabla jua halijazama. Mwishoni hakuwa akieleza tena. Alisema tu, "Zimefika, mama."

Hapo Mamba hakuna aliyeshangaa. Wanawake walikuja na kuni na maharage, wakatandika mikeka, wakakaa matanga. "Basi yuko pale," wakasema. Kwaya ikaja ikaimba. Yale maneno ya kunenepa yakakoma bila mtu kuyakanusha. Kutoka Korogwe zikaja salamu za pole, pamoja na habari kwamba mama Irene amejifungua mtoto wa kiume kwa mume mpya, na wote ni wazima.

Kwenye mashindano, roketi ya Irene ilipanda kuliko zote. Lakini sheria ilitaka vindege vitue ndani ya duara la chokaa, na vyake viliondoka. Vya mshindi vilianguka katikati ya duara kama sahani.

"Waheshimiwa, havikupotea," Mwalimu Koleta aliwaambia waamuzi. "Vimekwenda kwa baba yake."

"Tunaelewa, Mwalimu, na tunampa pole," akajibu mkubwa wao. "Lakini duara ni duara."

Bibi Dorkas alivaa kitenge chake cha kanisani, wakateremka na Irene hadi ofisi ya machimbo. Bwana Hamidu alisimama kumpokea, akampa kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimemfuata mwanangu."

"Naam. Yuko pale." Akaonyesha dirishani, ambako vindege viwili vilikuwa vikigonga chini, vumbi jeupe likiruka kidogo kila vilipogonga. "Vinatusumbua kidogo, maana malori yanalazimika kuzunguka. Lakini ni haki yenu."

"Mbona ulisema yuko Mererani?"

"Nilisema wakati ule, Bibi. Wakati ule vindege havikuwepo."

"Basi mfukue."

"Kufukua kunataka kibali. Mimi ni msimamizi tu, kibali hakitoki kwangu."

Ndipo Irene akamuuliza, kwa adabu, mikono nyuma kama wanavyofundishwa shuleni: "Samahani, Bwana Hamidu. Baba alingoja muda gani?"

Bwana Hamidu alifungua friji. "Mnakunywa soda gani?" akasema. "Kuna ya chungwa na nyeusi."

Huko wanakotoa vibali, afisa aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba upepo wa milimani hushuka tambarare, na chochote kinachorushwa kitafuata upepo. Warushe siku upepo umegeuka, kwa injini kubwa zaidi, ofisi ikishuhudia.

Irene aliinamia ungo wake wa injini jioni nzima. Akachagua C ya mwisho aliyobakiwa nayo, yenye msukumo mkali wa kunyanyua mzigo na kungoja kwa kadiri. Akaimarisha mabawa kwa gundi, yasikatike. Upepo ulipogeuka, wakarusha katika kiwanja pale Same, maafisa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Roketi ikapanda hadi ikawa nukta. Vindege vikaachia, vikageuka, vikaukata upepo uso kwa uso bila kupepesuka. Maafisa wakaingia kwenye magari, wakavifuata kwa barabara ya lami. Walipofika, Saning'o alikuwa amesimama na fimbo yake mbele ya ng'ombe, na vindege vilikuwa vikigonga.

Afisa alivua kofia. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya ardhi.

"Ni kweli," alisema. "Marehemu yupo hapa. Poleni sana."

"Ahsante, mwanangu," alisema Bibi Dorkas. "Mnaanza kuchimba lini?"

Afisa akasimama, akakung'uta magoti. Akaeleza vizuri, kwa sauti ya upole, na kila alipomaliza jambo alimuuliza kama ameelewa. Shimo lilikuwa halina kuta imara. Kulifungua kungehatarisha walio hai kwa ajili ya aliyekwisha kufa. Kibali kisingetolewa, sasa wala baadaye, na hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho. Lakini mahali patajulikana. Wataweka mawe manne yaliyopakwa rangi, na malori yatapita pembeni.

"Nimeelewa," alisema Bibi Dorkas. "Uliponiuliza mara ya kwanza nilikuwa nimeshaelewa."

Saning'o alitema mate pembeni, akawapigia ng'ombe wake mluzi, wakaondoka.

Bwana Hamidu alimsogelea Irene wakati maafisa wanapanda magari. "Binti, hivi vindege vyako," akamwambia, "ukivijaza jasi nyingine tu, ya kawaida, vinaweza kututafutia jasi mpya? Tungepunguza gharama za kupima."

"Sijui," alisema Irene.

"Fikiria. Una kipaji."

Mabasi ya kupanda mlimani yalikuwa yameshaondoka. Bwana Hamidu akasema atawapeleka kwa pikapu yake, hawezi kumwacha mtu mzima barabarani. Bibi Dorkas alipanda, kwa maana magoti hayana kiburi. Irene alikaa katikati. Vindege waliviacha kule kule. Kila walipovishika vilitetemeka mikononi kama kifaranga, wakaona si vizuri kuvilazimisha.

Bwana Hamidu aliendesha kwa uangalifu, akipunguza kwenye mashimo ili mgongo wa Bibi usiumie. Barabara ilipoanza kupanda, baridi ikaingia, akafunga kioo upande wake, akamwomba Irene amwambie Bibi afunge na wake.

"Halafu, binti," alisema, macho barabarani, "lile swali lako la siku ile. Sikukujibu kwa kuwa mambo yalikuwa bado yanaendelea. Sasa yamekwisha, hakuna ubaya." Akabadilisha gia. "Alingoja mpaka Jumapili. Asubuhi, watu wakiwa ibadani. Tulizima mashine zote tukasikiliza, tukaona amenyamaza. Ndipo Jumatatu tukafukia."